Mwenye nyumba anachoma taka kila jioni, mtoto ana pumu. Nianzie wapi bila kugombana naye?

Mhamiaji wa Chikongola

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Nimehamia Mtwara kikazi kutoka Dodoma, nimepanga chumba na sebule huku Chikongola. Uani tupo wapangaji kadhaa pamoja na familia ya mwenye nyumba. Ni mzee mstaarabu, hana neno na mtu. Shida yangu ni moja tu. Jua likianza kulegea anafagia uwanja wote: majani ya mwembe, maganda ya vitunguu, vichwa vya samaki, pampasi, chupa, karatasi za maandazi. Anarundika pale nyuma ya choo, anatia kiberiti. Moshi unakuja moja kwa moja dirishani kwangu, na mwanangu ana pumu. Gari la taka huku linapita kwa kudra za Mwenyezi Mungu.

Naomba ushauri: naanzaje kumwambia mzee bila kuonekana mgeni mwenye maringo? Na mtu mwenye kipande cha uwanja cha kuegesha bodaboda mbili anaweza kufanya nini cha maana na taka zake? Mkaa nao unanimaliza. Halafu kama kuna shughuli za mazingira za wikiendi hapa mjini nielekezeni, nimechoka kukaa ndani.

Msiniambie nihame, kodi ya miezi sita nimeshalipa.

Korosho Ghafi

Pole dada. Nenda serikali ya mtaa, waambie wamlete bwana afya. Kuchoma taka kwenye makazi ya watu ni kosa, akipigwa faini moja tu ataacha.

Mama Lishe Sokoni

Korosho Ghafi wewe unamtakia mwenzio mema kweli? Akishapigwa faini huyo mzee, kodi ikiisha mwenzetu anatafutiwa sababu. Na maji ya kisima atayachota wapi?

Mwanangu nisikilize mimi. Kwa mzee wa huku, kufagia uwanja na kuchoma ndio usafi wenyewe, amelelewa hivyo. Ukimwambia anachafua hewa umemvua nguo mbele ya wajukuu zake. Usiende kwake, nenda kwa mkewe, na usiende mikono mitupu, hata kilo ya sukari. Wala moshi usiutaje siku hiyo. Mwombe MAJANI. Mwambie, mama naomba majani ya mwembe mnayofagia, nataka kupanda mchicha.

Unajua kwa nini? Kinachoshika moto pale ni majani makavu. Maganda mabichi na pampasi lililolowa haviwaki vyenyewe. Ukiyachukua majani kila siku kabla ya alasiri, mzee anabaki na kirundo cha chepechepe, kiberiti kitaisha na moto hautashika. Ya pumu utamwambia baadaye, mkishazoeana kwa mchicha.

Bwana Shamba Likombe

Mama Lishe hapo umemaliza, nakupa tano. Naongezea ya kitaalamu.

Udongo wetu wa Mtwara ni kichanga, maji na mbolea vinapita chini hivi hivi. Kwa hiyo majani hayo ni mali, kuyachoma ni kuchoma mbolea. Tafuta mifuko miwili ya salfeti, itoboe matundu pembeni ili hewa ipite. Majani ya mwembe ni magumu, yavunjevunje kwanza kwa mikono au yakanyage. Weka ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya taka za jikoni: maganda ya ndizi, ya muhogo, majani ya chai, mabaki ya mboga. Nyunyiza maji kidogo. Ukishika rundo hilo na kulikamua, likulowanishe kiganja lakini lisidondoshe maji. Likinuka vibaya, maji yamezidi au majani ni machache. Likikaa tu bila kupata joto, limekauka. Geuza kila wiki. Kwa joto la hapa, miezi miwili mitatu una mboji nyeusi inayonukia msitu baada ya mvua. Wakati mfuko wa kwanza unaiva unajaza wa pili.

Majivu kidogo si mbaya, usimwage ya jiko zima. Maganda ya korosho usiyaguse kabisa: yana mafuta yanayochubua ngozi, na hata kwenye moto moshi wake unawasha macho kuliko huo unaoulalamikia. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yaliyobondeka yanafaa, ila yafunike majani juu, la sivyo utafuga inzi wa mtaa mzima. (Watu watakuambia mabibo ni ya uraka, ile pombe ya kienyeji. Hayo mazungumzo mengine.)

Mchicha panda kwenye ndoo mbovu zilizotobolewa chini, juu yake tandaza makumbi ya nazi yatunze unyevu. Wiki tatu nne unachuma.

Korosho Ghafi

Haya, mimi nimeonekana mbaya. Lakini tuseme ukweli wakuu, tunahangaishana na majani ya mwembe huku malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma usiku na mchana. Vumbi hilo nalo tulitie kwenye salfeti?

Mstaafu wa Bahari

Korosho, la malori lina mahali pake, na ni haki kulisemea. Ila mtoto wa watu anakohoa leo, na kinachomkohoza kiko nyuma ya choo.

Dada, kuhusu shughuli: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Usiishie kufagia mlangoni kwako, teremka ufukweni Shangani. Utakuta chupa, vipande vya nyavu, kandambili za mguu mmoja mmoja. Chupa za plastiki usizitupe jalalani, kuna vijana wanazinunua kwa kilo pamoja na chuma chakavu. Ulizia kwenye vibanda vya chakavu, kila mtaa wanavyo.

Kama unapenda matope, nenda Mikindani kwenye mikoko. Lakini usiende kupanda kiholela kwa ajili ya picha. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, inaning'inia kama penseli ndefu ya kijani, ikikomaa inaanguka. Wakati wa maji kupwa unaichomeka theluthi moja kwenye tope, ncha yenye chipukizi juu. Watu wengi wanapanda chini mno, mahali ambapo maji hayatoki hata wakati wa bamvua, bahari inapopwa sana, miche inakufa yote. Tazama mikoko iliyoota yenyewe inaishia wapi, panda nyuma ya mstari huo. Na mikoko ni msitu wa hifadhi, upo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo nenda na kikundi kinachotambulika au pitia ofisi yao kwanza. Tukikosa mikoko tusahau kamba na samaki wachanga, pale ndipo wanapokulia.

Dada wa Presha

Nami nijibu la mkaa, nimeona limerukwa. Kinachokula mkaa ni maharage, kisamvu na makongoro, wali hauna shida. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na mfuniko. Hapo tu umeokoa mkaa mwingi. Ukijaliwa, nunua jiko la presha la umeme. Watu wanaogopa LUKU bure, sufuria la maharage halimalizi hata uniti moja kwa sababu likishapata presha linazima lenyewe, linawaka kwa vipindi.

Gesi asilia ndiyo inaniuma. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, inasafishwa Madimba hapo, bomba likanyooka hadi Dar mwaka 2015, na sisi bado tunapepea mkaa. Baadhi ya nyumba hapa mjini zimeunganishwa, kwa hiyo uliza TPDC, shirika la petroli la serikali, kama mtaa wenu umo. Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Wewe usisubiri 2034.

Mhamiaji wa Chikongola

Wakuu nawashukuru sana, Mungu awabariki.

Nimefanya kama alivyosema Mama Lishe. Nilienda kwa mama mwenye nyumba na sukari, nikaomba majani. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema tangu azaliwe hajaona mtu anaomba takataka. Akanipa na ndoo mbili zilizopasuka. Sasa mzee mwenyewe akishafagia ananiita: "Mwalimu, mzigo wako huu." Mimi si mwalimu lakini nimemwacha aniite hivyo. Moshi umepungua, sijasema umekwisha. Juzi kachoma kidogo.

Bado mambo mawili. Vichwa na matumbo ya samaki nifanyeje, maana Bwana Shamba hukuvitaja na hapa kila nyumba ni samaki. Na pampasi?

Bwana Shamba Likombe

Samaki usitie kwenye salfeti, utaita panya na paka wote wa Chikongola. Chimba shimo la urefu wa mkono mpaka begani karibu na mgomba au mpapai, tia, fukia, kandamiza kwa jiwe au kipande cha bati. Kesho chimba pembeni yake, zunguka mti hivyo hivyo. Ule mgomba utakuja kutuhadithia.

Pampasi haina ujanja. Haiozi, haifai kuchomwa wala kufukiwa. Itengee ndoo yenye mfuniko, isubiri gari. Wapangaji mkichanga kidogo mnaweza kumlipa kijana wa mkokoteni azifikishe kwenye kizimba, pale taka za mtaa zinapokusanywa, badala ya kungoja kudra.

Mama Lishe Sokoni

Hilo la mkokoteni mwachie mzee alipange yeye, ndiye mwenye uwanja. Mpelekeeni kama wazo, atawakusanya wapangaji mwenyewe. Na hapo ndipo umtaje mtoto na pumu yake.

Mchicha ukiwa tayari niambie, nachukua kwa mafungu.