Nimepewa kazi ya kufundisha wodi nzima kuhudumia wagonjwa wenye stoma. Nianzie wapi?

Sista wa Zamu

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Matroni kanikabidhi mafunzo ya siku mbili kuhusu stoma, yaani utumbo uliotolewa nje kupitia tundu la tumboni ili kinyesi kiingie kwenye mfuko: wauguzi, matabibu, madaktari na wahudumu wote. Nimepewa na slaidi za mtu, zimejaa michoro ya utumbo. Nikizisoma nasinzia, na somo lenyewe nalipenda.

Hali ilivyo: mgonjwa akirudi kutoka chumba cha upasuaji na mfuko ukaanza kujaa, kila mtu ghafla ana kazi wodi ya pili. Akipatikana wa kuubadilisha, anasafisha kwa spiriti kama anasafisha kidonda, anakadiria tundu la mfuko kwa macho, anabandika. Kesho yake umevuja, ngozi imechubuka, na mgonjwa amegoma kula ili mfuko usijae. Siku ya kuruhusiwa anapewa mifuko michache na neno moja: utazoea.

Nifundishe nini, niache nini? Na madaktari nawaingizaje, maana raundi wanaipitia wamesimama miguuni pa kitanda?

Mama Mifuko

Mwanangu, hizo slaidi zirudishe kwa mwenyewe. Kazi hii nimeifanya mpaka nimestaafu, na sijaona aliyejifunza kubandika mfuko kwa kutazama ukutani.

Siku ya kwanza asubuhi, kila mtu abandike mfuko tumboni kwake. Tia ndani maji uliyoyakoroga na unga kidogo, yawe mazitomazito. Wafanye kazi nao, wakae, wainame kuokota kitu, walale nao usiku. Asubuhi ya pili usiwape nadharia yoyote kwanza, waache waseme. Yule uliomvujia kwenye sare hutahitaji kumweleza kwa nini mgonjwa hataki kula.

Halafu ndiyo uingie kwenye stoma yenyewe. Ni utumbo uliogeuzwa ndani nje: mwekundu, una majimaji, ukiutazama ni kama ndani ya mdomo. Hauna neva za maumivu, na ukipanguswa unaweza kutoa damu kidogo. Hilo ni la kawaida. Kwa hiyo si kidonda, na spiriti haina kazi hapo. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha, kisha ngozi ikaushwe vizuri. Mafuta na sabuni yenye mafuta waviache, bamba, ile sehemu ya mfuko yenye gundi, halitashika. Anayeumia ni ngozi inayozunguka stoma, na ndiyo mnayoichoma.

Kwenye kukata tundu, kaa hapo muda mrefu. Mwingine atakuambia anajua, mpe mkasi. Pima stoma kwa kadi yenye matundu, kata tundu la bamba lizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Likizidi sana, uchafu unakaa juu ya ngozi, na ule wa utumbo mwembamba una vimeng'enya vinavyoila ngozi hiyo kweli kweli. Likibana, linaikata stoma. Sasa sikiliza hapa: stoma inavimba baada ya upasuaji na inaendelea kusinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Kipimo cha siku ya kuruhusiwa hakifai mwezi ujao. Mgonjwa anarudi kliniki ngozi iko mbichi, anaambiwa ana mzio wa gundi, kumbe tundu limekuwa kubwa. Afundishwe kupima mwenyewe kabla hajaondoka.

Mengine ni mafupi. Mfuko umwagwe ukifika theluthi au nusu. Kuutoa, anzia juu huku mkono wa pili umeshikilia ngozi. Ukibandika mpya, uwekee kiganja dakika chache, joto linasaidia gundi kushika. Siku za mwanzo tumia mfuko unaoonyesha ndani. Stoma ikigeuka zambarau iliyoiva au nyeusi, daktari wa upasuaji aamshwe usiku huohuo, si kusubiri raundi.

Madaktari wape somo la kuchagua mahali kabla ya upasuaji. Mgonjwa akilala tumbo liko tambarare, kila mahali panafaa. Mwambie aketi, ainame, asimame: mikunjo inajitokeza hapo. Alama iwekwe juu ya ule msuli mrefu wa mbele ya tumbo, mbali na kitovu, makovu na mahali pa mkanda, na mgonjwa mwenyewe apaone. Stoma iliyozama kwenye mkunjo itavuja hata umlete bingwa gani wa kubandika. Tena wakumbushe ileostomia, yaani stoma ya utumbo mwembamba, itokeze nje kama sentimita 2 au 3. Bryan Brooke, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliandika habari za kuigeuza hivyo tangu 1952.

La mwisho: alika mtu mwenye stoma afundishe. Wala si jambo geni. Rupert Turnbull, daktari wa upasuaji wa Cleveland Clinic kule Marekani, alimwajiri Norma Gill mwaka 1958. Hakuwa muuguzi, alikuwa na ileostomia. Mwaka 1961 wakaanzisha shule ya kufundisha huduma ya stoma.

Ileo na Mimi

Naunga mkono, mimi ndiye huyo mwenye stoma. Naomba muongeze somo la maji, maana nusura liniue. Mfuko ulikuwa unatoa majimaji tupu, nikaambiwa ninywe maji mengi. Nikanywa. Kadiri ninavyokunywa ndivyo yanavyotoka, miguu inakaza, kichwa kinazunguka. Baadaye sana ndipo mtu akanieleza kwamba utumbo mpana haupo kazini, chumvi inapotea, na maji matupu yanazidi kuifukuza. ORS ndiyo iliyoniinua. Wafundisheni wagonjwa kupima kinachotoka kwenye mfuko: kikipita lita moja na nusu kwa siku, waje.

Na dawa! Vile vidonge vya kuyeyuka polepole nilikuwa naviona vizimavizima kwenye mfuko. Mfamasia awepo siku hiyo.

Jingine ni uso. Muuguzi wa kwanza kufungua mfuko wangu hakusema kitu, aligeuza shingo tu. Nilimaliza siku kadhaa sitaki mke wangu aingie.

Dokta Kijana

Mimi nina shaka na mgonjwa kuitwa mbele ya ukumbi. Mara nyingi anakubali kwa kuogopa kumkatalia aliyemtibu. Pia siku mbili ni chache. Kila mtu asimamiwe akibadilisha mfuko wa mgonjwa halisi ndipo asainiwe, la sivyo wiki ijayo mmerudi kwenye spiriti.

Mama Mifuko

Kusimamiwa nakubali kabisa. Kuhusu mgonjwa, usimchukue aliye kitandani. Tafuta aliyepona, anayeendelea na shughuli zake, aje kama mwalimu na alipwe kama walimu wengine. Kufunua tumbo ni hiari yake, akizungumza tu inatosha.

Sista wa Zamu

Asanteni sana. Mama, je, wakikataa kuvaa mifuko? Nawajua watu wangu.

Mama Mifuko

Anza na daktari bingwa wenu. Mwendee mapema, peke yake, umwombe abandike wa kwake mbele ya wote. Akishavaa yeye, nani atakataa?