Rivolva ya kwanza: mpya au iliyotumika?

Kutoka: Mtoto wa Wete, Ohio

Assalaam alaykum wazee na ndugu. Nna duka dogo la vyakula, nafunga usiku, na karibuni jirani kavunjiwa. Kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu Marekani) ninayo, na miaka 21 nimeshapita. Nataka rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, kwa kuwa naambiwa haina mambo mengi. Duka la silaha wana mpya, na kabatini wana zilizotumika tele, nyengine za polisi wa zamani. Nichukue ipi? Kwa nini naitaka, naomba nisiulizwe. Mama keshaniuliza ya kutosha.

Kutoka: Bi Mkubwa, London

Wa alaykum salaam mwanangu. Huku kwetu mazungumzo hayo yalikwisha 1997, mwaka mmoja baada ya mauaji ya skuli ya Dunblane. Raia hauziwi bastola, na sijamsikia Mzanzibari hata mmoja akilalamika. Mama yako namuelewa. Aliyekuwepo Pemba Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, haelezwi na mtu mlio wa bunduki. Nimeshasema langu, wajuzi wakujibu.

Kutoka: Ami wa Chake

Nipo nyumbani Chake likizo, umeme unakwenda na kurudi, nawahi kuandika ilhali upo.

Karatasi kwanza, yakhe. Duka lenye leseni litakujazisha fomu 4473, kisha jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa FBI (wapelelezi wa serikali kuu) wa kuchunguza wanunuzi, ulioanza 1998. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Walioingia kwa viza ya masomo au ya kutembea kwa kawaida hawaruhusiwi, kwa hiyo asije rafiki akakupa pesa umnunulie yake. Hilo ni kosa la jinai. Fomu inauliza pia kama unatumia bangi. Kwamba jimbo limeihalalisha hakukusaidii kitu mbele ya serikali kuu. Mwenyeji akidanganya pale anafungwa. Wewe unaweza kufungwa, ukitoka ukarejeshwa Wete kwa ndege.

Sasa chombo chenyewe. Mimi ningechukua iliyotumika, ya chuma kizima, ya risasi sita za .38 (ndicho kipimo cha risasi), iliyokuwa ya polisi. Polisi wa Marekani waliziacha rivolva miaka ya 1980 na 1990 wakahamia bastola za magazini (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini), na hizo za zamani zikamiminika madukani. Smith & Wesson Model 10 ni mojawapo, asili yake ni ya 1899, na fundi yeyote anaijua. Utaikuta imechubuka mdomo wa mtutu kwa kuchomolewa na kurejeshwa kwenye ala miaka yote ile, lakini ndani mara nyingi haijachoka, kwani askari wengi walipiga risasi siku za mazoezi tu. Ila usitegemee bei ya mtumba, siku hizi zimepanda.

Kama huna imani na macho yako, nunua mpya. Ruger GP100 ipo tangu 1985, nzito, ngumu, inakula .357, risasi yenye nguvu zaidi, na .38 pia. Usigeuze mambo ukatia .357 kwenye bastola ya .38: ganda la .357 limerefuka kwa milimita tatu na kitu, na bastola ya .38 haikuumbwa kwa nguvu zile. Muuzaji atakusifia ile ndogo nyepesi ya risasi tano. Mfukoni tamu, mkononi inapiga teke mpaka mtu anakimbia mazoezi. Mwachie.

Ukipata iliyotumika, omba ruhusa uipime. Fungua silinda uangalie kila tundu mwenyewe, hata kama muuzaji amekuonesha sasa hivi. Ifunge taratibu, wanaoifunga kwa kuitupa mkono kama kwenye sinema ndio wanaoupinda ule mkono unaobeba silinda. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Koki, yaani vuta nyundo ya nyuma kwa dole gumba, polepole sana huku dole gumba la mkono mwengine likiigusa silinda kidogo, kama kuizuia. Silinda inatakiwa ijifunge "tik" kabla nyundo haijafika nyuma kabisa. Nyundo ikifika na silinda bado haijajifunga, tundu halikai sawa na mtutu, na risasi itaingia kwa kuparuza. Rudia kwa matundu yote sita, maana matano yanaweza kuwa mazuri na la sita likachelewa. Kisha, ikiwa imekokiwa, sukuma nyundo mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mrejeshee mwenyewe.

Nafasi baina ya silinda na mtutu iwe kama milimita 0.1 hadi 0.2. Vile vibati vya fundi magari vya kupimia plagi vinatosha. Tazama skrubu: vichwa vikiwa vimetafunwa, kuna mtu aliifungua kwa bisibisi ya jikoni. Namba ya silaha ikiwa imekwanguliwa, toka dukani.

Kutoka: Mtoto wa Wete, Ohio

Ahsante sana Ami. Nimeipata Model 10, skrubu safi, nafasi sawa, nyundo haianguki. Lakini tundu moja linachelewa kama ulivyosema. Muuzaji anasema tia mafuta tu.

Kutoka: Ami wa Chake

Mafuta hayatibu hilo. Inaweza kuwa uchafu tu chini ya ile nyota inayotoa maganda. Mwambie aisafishe mbele yako, upime tena. Likichelewa bado, kuna kidole cha chuma ndani kinachoisukuma silinda, huenda hicho kimelika, au jino la nyota kinalolisukuma. Fundi anatengeneza, gharama itoke kwenye bei. Akikataa, iache hapo hapo.

Kutoka: Bi Mkubwa, London

Na watoto? Mkeo si anakuja nao dukani Jumamosi?

Kutoka: Ami wa Chake

Bi Mkubwa kanitangulia. Kisanduku cha chuma, kifungwe kwa boliti chini ya kaunta, ufunguo ukae mwilini mwako. Droo ya pesa hapana, na ukitoka usiiache garini. Wala usifikirie kuja nayo huku Idi. Shirika la ndege litaipokea ikiwa tupu, kwenye sanduku gumu lenye kufuli, umeitangaza. Ukishuka bila kibali cha Tanzania, Idi utaila mahabusu.