Nampeleka mama (68) Disney ya Orlando mwezi wa saba. Joto na radi za huko tutavimudu vipi?

BintiUsambara:
Habari za humu ndani wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Florida au mliowahi kwenda huko na wazazi.

Tunaishi Ohio. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Lushoto, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Likizo ya mume wangu imeangukia katikati ya Julai na haisogezeki, kwa hiyo tumeshanunua tiketi za siku mbili kwenye bustani za burudani za Disney: siku moja Animal Kingdom, siku moja EPCOT. Tutakuwa sisi wawili, mama, binti yetu wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 4.

Jana jirani yangu aliyetoka huko juzijuzi kanitia wasiwasi. Anasema siku zote tatu mvua ilipiga saa zilezile za mchana, michezo ya kupanda ikafungwa, na mwanawe alitapika kwa joto. Mama ana presha, anameza dawa kila asubuhi, mojawapo ni ile ya kukojoza. Na kwetu Lushoto mwezi wa saba watu wanavaa masweta, hajawahi kuishi mahali pa joto kabisa. Isitoshe si mtu wa kusema anaumwa. Ukimuuliza atakujibu "nimechoka kidogo tu" hata kama miguu imeshaisha nguvu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Je, tuahirishe? Tukienda, siku tuipange vipi? Na radi ikianza, mtu mwenye mzee na mtoto mdogo anakimbilia wapi? Nawasilisha.

Mvuvi_wa_Pangani:
Dada usijitie hofu bure. Joto sisi tumezaliwa nalo. Chukueni maji, kofia, mwende mkafurahi. Mvua ya mchana inakuja na kupita.

NesiTampa:
@Mvuvi_wa_Pangani kaka yangu, nakuheshimu, ila hilo la kuzaliwa nalo limewafikisha wengi hospitali, na nimewapokea kwa mikono yangu. Mwili hauzaliwi na joto, unalizoea. Kuzoea huchukua wiki moja hadi mbili za kukaa kwenye joto lenyewe, na ukiondoka unalisahau. Mama wa Lushoto anayekaa Ohio ndani ya AC ni mgeni wa joto sawa na Mmarekani wa Alaska.

Dada, tatizo la Florida si nyuzi peke yake. Julai mchana Orlando hufika 32 au 33 za Selsiasi, hata Dar zipo. Ila hewa imeshiba unyevu, jasho linatoka halikauki, na jasho lisipokauka halipoozi mwili. Nyuzi 32 zikiwa na unyevu wa asilimia 70, mwili unahisi kama 41. Na hesabu hiyo ni ya kivulini. Ukisimama juani inaweza kuongezeka hadi nyuzi 8 nyingine. Sasa mweke mzee kwenye foleni juu ya lami.

Kuhusu dawa: mpigie daktari wake KABLA ya safari, umweleze anakwenda wapi na kwa siku ngapi. Dawa ya kukojoza inatoa maji na chumvi mwilini, joto nalo linatoa. Daktari ndiye aseme kama kuna cha kurekebisha. Msiache dawa wala kupunguza wenyewe, presha ikipanda mkiwa kule mtakuwa mmejiongezea tatizo la pili.

Na kwa kuwa mama hasemi, usimwulize "unajisikiaje". Mwulize ameenda haja ndogo saa ngapi na mkojo una rangi gani. Mzee anayetumia dawa ya kukojoza akipitisha saa nne au tano bila kwenda chooni, hiyo ni taarifa tosha. Mtazame: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi ina jasho la baridi, misuli inakaza. Hapo amezidiwa na joto: mtoe juani, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mpe maji kidogokidogo, mpepee akiwa amelowa. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, akipepesuka, akizimia, au mwili ukiwaka moto, hicho ni kiharusi cha joto. Piga 911 papo hapo na mmwagie maji wakati mnasubiri. Usimlazimishe kunywa mtu ambaye fahamu zimemruka. Wengi husubiri jasho likauke ndipo waamini. Wakati mwingine mgonjwa anakuwa bado analowa.

FundiMitambo:
Mimi niongelee radi, maana niliendesha michezo kwenye bustani moja ya huko kwa misimu mitatu.

Florida imebanwa na bahari pande mbili, Atlantiki mashariki na Ghuba magharibi. Mchana nchi kavu ikipata moto, upepo wa bahari unaingia kutoka kila upande, unakutana katikati, hewa inapanda juu na wingu linaumuka. Orlando iko katikati hapohapo. Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Septemba saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni ndiyo saa zake. Asubuhi anga inaweza kuwa nyeupe kabisa, isiwadanganye.

Radi ikifika umbali fulani tulikuwa tunapewa amri ya kufunga mitambo yote ya nje, hata kama tone halijadondoka. Watu walikuwa wanatufokea: "Mbona jua linawaka?" Radi inaweza kupiga kilomita 16 kutoka kwenye wingu lake. Na ikishapita hatufungui palepale. Unasubiri, kisha unazungusha mabehewa matupu kwanza kuhakikisha breki na vihisio viko sawa. Kwa hiyo mchezo uliofungwa saa 9 usiukalie mlangoni, nendeni kwingine.

Mahali pa kukimbilia ni jengo lenye kuta, lenye nyaya na mabomba ndani, au gari lenye bodi ya chuma. Si mti, si mwavuli, si kile kibanda cha paa kisicho na kuta, si foleni yenye kivuli cha turubai. Hapo unajikinga na mvua, radi inakuona. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Ila ukweli ni kwamba ukishausikia mngurumo tu, uko karibu kiasi cha kupigwa. Ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.

Dalili ya kwanza huwa si mvua, ni upepo. Unakuwa kwenye joto zito, ghafla unapigwa na upepo wa baridi kama mtu kafungua friji. Ukiuhisi huo, beba mtoto, usisubiri wingu.

BintiUsambara:
Aisee, ahsanteni sana. Nimempigia daktari tayari. Kasema dawa aendelee nazo kama kawaida, presha tuipime asubuhi na jioni, na kanipa kiwango ambacho ikishuka chini yake nimpigie. Kiti cha magurudumu mama amekikataa, anasema yeye si mgonjwa. Na vyakula vyetu tunaweza kuingia navyo?

MamaPacha_Kissimmee:
Mdogo wangu karibu kwetu. Chakula mnaingia nacho, na maji pia, ila si chupa za glasi wala barafu ya vipande visivyofungwa. Gandisha chupa mbili za maji usiku, ziweke kwenye begi, zinapooza chakula na mchana mnazinywa. Kwenye vibanda vya vyakula wanavyouza vinywaji, omba kikombe cha maji ya barafu, wanakupa bure. Watu wengi hawajui wananunua chupa siku nzima.

Sasa ratiba. Msipange siku moja ndefu, pangeni siku mbili fupi ndani ya siku moja. Animal Kingdom hufunguliwa mapema, muwe getini kabla. Nendeni moja kwa moja Harambe. Hicho ni kijiji walichokibuni kikawa kama mji wa pwani yetu, majengo yake wameyaigiza ya Lamu, na vibao vimeandikwa Kiswahili. Mwache mama asome, usimharakishe. Kisha pandeni lori la Kilimanjaro Safaris asubuhi hiyohiyo, wanyama nao wanakimbia jua, saa 7 mchana simba utamwona mgongo tu. Mkimaliza, onyesho la Harambe Theatre liko ndani, kuna viti na AC.

Saa 6 ondokeni. Wekeni nafasi ya chakula cha mchana Sanaa, mgahawa ulio kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village. Si lazima mlale hapo, ila nafasi wekeni mapema. Mama atakaa kwenye baridi anakula mikate na achari huku twiga anapita dirishani. Mvua ipige mkiwa mezani. Jioni mkitaka rudini. Watu wengi wanakuwa wamekata tamaa wameondoka.

EPCOT tafuteni jengo la The Land. Ndani kuna mashua inayopita kwenye vitalu nyumba, mboga za kila aina na mabwawa ya samaki.

Kiti cha magurudumu msimwambie ni cha mgonjwa. Kodisheni pale getini, wekeni begi na vyupa juu yake, kiwe cha mizigo. Atakapochoka atakikalia mwenyewe.

Makoti ya mvua ya plastiki nunueni kwenye duka la dola kabla ya kufika, kule ndani bei ni nyingine. Na mtoto wa miaka 4 kigari ni lazima, hata kama nyumbani anatembea. Mkikiacha juani funikeni kiti kwa taulo, vile vifungo vya chuma vya mkanda vinaunguza mapaja.

Mzee_Columbus:
Jambo moja mmelisahau. Mama kama yuko kwa viza ya matembezi hana bima hapa. Kateni bima ya wageni leo, na msome kama inagusa ugonjwa aliokuwa nao kabla, maana nyingi zinauruka au zinaugusa kwa sehemu. Nilimpokea baba yangu bila bima, akalazwa usiku mmoja tu, nililipa miaka miwili.

Mvuvi_wa_Pangani:
@NesiTampa nimekuelewa dada, na nafuta kauli. Kumbe hata babu yetu aliyeanguka shambani Januari ile tulisema ni uchovu. Dada mtoa mada, mpelekeeni mama salama.

BintiUsambara (MREJESHO):
Wakuu, tumerudi juzi. Niliahidi mrejesho.

Animal Kingdom tulifika saa 1 na nusu asubuhi. Pale Harambe mama alisimama mbele ya kila kibao akasoma kwa sauti, mjukuu wake akawa anarudia. Tembo tuliwaona karibu kabisa. Saa 6 tukaondoka kama alivyosema MamaPacha, na tukiwa Sanaa mvua ikapiga hadi nje hakuonekani kitu. Siku hiyo ilikwenda vizuri mno, na nadhani ndiyo iliyonifanya nilegee.

Siku ya pili, EPCOT, tulichelewa kutoka hotelini. Saa 5 na nusu jua lilishakuwa kali, tuko njiani tunatembea. Mama kimya. Nikamwuliza ameenda chooni saa ngapi, akasema "asubuhi nilipoamka." Nikamshika mkono, una jasho na wa baridi. NesiTampa, mwili mzima ulinisisimka. Nikamwambia "mama, naomba nishikie begi," akakaa kwenye kile kiti akaliweka mapajani, tukamsukuma mpaka First Aid, kituo chao cha huduma ya kwanza. Walimlaza kwenye chumba cha baridi, wakampima presha, ilikuwa imeshuka kidogo lakini juu ya kile kiwango cha daktari. Wakamwekea vitambaa vya barafu shingoni, akanywa maji na ORS niliyobeba. Baada ya saa moja hivi akaenda chooni, akarudi anauliza watoto wamekula nini. Daktari wake nilimpigia tukiwa palepale.

Tulipotoka, upepo ule wa friji ukatupiga. FundiMitambo, ulikuwa vilevile ulivyoueleza. Mama ndiye aliyesema kwanza, "hii mvua iko hapa," maana wingu analisoma tangu utotoni. Tukaingia The Land kabla tone halijaanguka. Tulipanda ile mashua mara tatu. Mama ni mkulima wa nyanya na kabichi, alipoona nyanya zimening'inia kutoka juu bila udongo alinishika goti. Mara ya tatu akawa anawaonyesha wajukuu jani lenye ugonjwa na jani zima. Nje radi zilipiga zaidi ya saa nzima, hatukuwa na haraka.

Kiti cha magurudumu hakukiacha tena mpaka tunaondoka. Alisema kinabeba vizuri mizigo.

Mama_Mtwara_TX:
Dada hongera, nimesoma mpaka machozi. Sisi tunakwenda Agosti na baba mkwe. Kuna kitu ungebadilisha?

BintiUsambara:
@Mama_Mtwara_TX ningetoka hotelini saa 1 siku zote mbili, si siku ya kwanza peke yake. Na ningebeba jozi ya pili ya viatu kwa kila mtu. Vililowa siku ya kwanza, mtoto akashinda navyo hivyohivyo, akachubuka kisigino. Usiku jaza magazeti ndani ya viatu, asubuhi toa weka mengine.