MJADALA: Mtihani wa uraia wa Marekani uwe sharti la kuhitimu sekondari?

Mtazamaji
Wakuu, salaam. Mwaka 2015 Arizona ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria kwamba mwanafunzi hapati cheti cha sekondari mpaka afaulu yale maswali 100 anayosomea mgeni anayeomba uraia. Sheria ilipoanza kufaulu kulikuwa 60. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa namna yake. Upande wa pili kuna Massachusetts: sheria yake ya 2018 inazitaka shule za umma ziwape wanafunzi mradi wa kiraia, yaani kuchagua tatizo la jamii na kulishughulikia, mmoja darasa la 8 na mwingine sekondari. Watoto wengi wa familia zinazosema Kiswahili, hasa kutoka Kongo, wamo kwenye shule hizo, kwa hiyo jambo hili linatuhusu. Mimi nasimama na mtihani. Asiyejua Seneti ina watu wangapi hawezi kueleza kwa nini muswada umekwama Seneti. Nipingeni, ila kwa hoja.

Bi Tausi
Nakupinga kwa hesabu, kaka. Yale maswali 100 ya toleo la 2008 yamegawanywa hivi: 57 ya serikali, 30 ya historia, 13 ya jiografia, alama za taifa na sikukuu. Sasa piga mwenyewe. Mwanafunzi akikariri historia yote na jiografia yote ana 43. Amebakiza 17 afike ile 60 ya mwaka 2015. Maana yake anaweza kukosa maswali 40 kati ya 57 ya serikali na bado akatangazwa amefaulu mtihani wa kuijua serikali.

Na hayo 57 yenyewe, mengine jibu lake ni neno tupu. Linaulizwa: ni nini kinachozuia mhimili mmoja usipate nguvu kupita kiasi? Ukijibu "mihimili kudhibitiana" umepata. Hakuna anayekuuliza nani anamdhibiti nani, kwa kifungu gani, na akikataa kudhibitiwa kinafuata nini.

Mtazamaji
Hesabu naipokea. Lakini tiba yake ni kuweka alama ya kufaulu kwa kila sehemu, mtihani ubaki. Sufuria ikivuja unaziba tundu.

Chapakazi
Kuna tundu jingine. Mtihani wa uraia wenyewe umebadilika. Aliyewasilisha ombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anasomea maswali 128, anaulizwa hadi 20, anatakiwa kupata 12. Zamani ilikuwa hadi 10, apate 6. Sheria ya Arizona ilipigwa hesabu juu ya 100. Unapoegemeza cheti cha mtoto kwenye karatasi ya idara ya uhamiaji, idara ikibadilisha karatasi walimu wako wanabaki na vitabu vya jana.

Tena mgeni anaulizwa ana kwa ana, kwa mdomo, na jibu analitoa kichwani. Ukimpa mwanafunzi maswali yaleyale kwa kuchagua a, b, c au d, huo ni mtihani mwingine. Msiseme "tunawapima sawa na wageni".

Nahodha wa Mrima
Mimi nina la lugha, kwa walimu wasaidizi na wazazi wanaowafafanulia watoto kwa Kiswahili. Yako maneno manne yanayowapoteza.

"Mahakama Kuu." Kwetu, Tanzania na Kenya, juu yake kuna mahakama nyingine. Mtoto akisikia majaji 9 wa Washington wameitwa Mahakama Kuu, anauliza rufaa inakwenda wapi. Hakuna pa kwenda. Semeni Mahakama ya Juu.

"Jimbo." Kwa Mtanzania ni eneo la mbunge. Ukimwambia California ni jimbo lenye wawakilishi 52, anakutazama tu. Anza kwa kutenganisha: jimbo ni kama nchi ndogo yenye katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake, eneo la mwakilishi liite wilaya ya uchaguzi.

"Baraza la Wawakilishi." Mzanzibari analo lake, na ndilo bunge zima la Zanzibar. La Marekani ni nusu tu ya Congress, yaani bunge la taifa, nusu nyingine ni Seneti. Bila Seneti halitungi sheria.

La nne ndilo baya zaidi: "serikali imepeleka muswada bungeni". Tanzania waziri ni mbunge, anasimama na kuusoma muswada wa serikali. Marekani katiba inakataza mtu kushika wizara na kiti cha Congress kwa pamoja. Rais akitaka sheria hutafuta mjumbe wa Congress wa kuiwasilisha, na mjumbe huyo anaweza kuigeuza au kuikalia. Mkenya ana nafuu hapa, kwa kuwa katiba yao ya 2010 nayo imewatoa mawaziri bungeni. Mtoto asipolishika hili, kila habari ya Rais kugombana na Congress ataiona kama utovu wa nidhamu wa chama.

Mwl. Kengele
Mnabishania mtihani na mradi, na katikati mmeliruka darasa. Illinois, kwa sheria ya 2015, inadai muhula mzima wa uraia wenye vitu vinne: taasisi za serikali, mijadala ya mambo yenye ubishi, huduma kwa jamii, na maigizo ya demokrasia inavyofanya kazi. Maigizo ndiyo huharibiwa kuliko yote.

Bunge la darasani mnalijua. Wanafunzi 30 wanaandika muswada wa chakula kizuri cha mchana, wanapiga kura, makofi, dakika 40 zimekwisha. Wametoka wakiamini sheria hupita kwa wema wake. Congress halisi katika kipindi chake cha miaka 2 hupokea miswada zaidi ya 10,000, na inayokuwa sheria ni mia chache. Igizo lisiloua miswada linafundisha uongo.

Gawa 30 hivi: 18 Baraza, 10 Seneti, Rais mmoja, Makamu mmoja. Kila mjumbe apewe kadi: wilaya au jimbo lake linaishi kwa nini (mahindi, mafuta, bandari, kambi ya jeshi), alishinda kwa tofauti gani, anarudi kwa wapiga kura lini. Wa Baraza ni kila miaka 2, Seneta kila 6. Bila kadi watapiga kura kama marafiki.

Miswada 4, vipindi 3 vya dakika 50. Kila muswada uanzie kamati ya watu 5, na mwenyekiti awe na haki ya kutoupangia siku. Wanafunzi watalalamika kwamba hiyo si haki. Waonyeshe mlango: saini 10 za Baraza, yaani zaidi ya nusu ya 18, zinautoa muswada kwenye kamati. Kwenye Baraza halisi ni 218 kati ya 435.

Seneti ndipo utamu ulipo. Wagawe 5 kwa 5. Kura zikilingana Makamu wa Rais anaamua, kwa hiyo watu 5 na Makamu wanatosha kupitisha. Lakini kufunga mjadala ili kura ipigwe kunataka 6 kati ya 10, kama ilivyo 60 kati ya 100. Watakaa na ushindi mkononi wasiweze kuutumia. Hapo ndipo uwaulize: sharti hili la 60 liko kifungu gani cha katiba? Waache watafute dakika 5. Hawatalipata, kwa sababu ni kanuni ya Seneti yenyewe. Kiwango cha 60 ni cha mwaka 1975. Uteuzi wa majaji na mawaziri sasa unapita bila hizo 60, na miswada fulani ya bajeti nayo ina njia yake.

Rais apewe dakika 10 badala ya siku 10 za katiba (Jumapili hazihesabiwi). Akikaa kimya na Congress ipo kikaoni, muswada umekuwa sheria. Akikaa kimya na Congress imeshaahirisha, umekufa. Akitumia kura ya turufu, kuibatilisha ni 12 kati ya 18 na 7 kati ya 10.

Kosa la mwalimu ni huruma: muswada umebakiza kura moja, kengele imelia, anaongeza dakika 5. Usiongeze! Kipindi cha Congress kikiisha, kilichobaki mezani kinaanza upya. Na ikipita zaidi ya miswada miwili kati ya 4, kuna mahali umelegeza.

Mtazamaji
Mwalimu, hili ni zuri, ila umekula vipindi 3 kwa mada moja. Shule yenye muhula mmoja itapata wapi muda wa mahakama, uchaguzi na serikali za mitaa?

Mwl. Kengele
Uchaguzi wa Rais haumalizi hata kipindi kimoja ukiufundisha kwa mgawanyo. Wyoming ina wajumbe 3 wa uchaguzi, wale wanaopiga kura ya kumchagua Rais, kwa watu wapatao 577,000, yaani mmoja kwa watu 192,000. California ina 54 kwa watu milioni 39.5, mmoja kwa watu 732,000 hivi. Waulize namba 3 imetoka wapi: maseneta 2 na mwakilishi 1. Jumla 538 imetoka wapi? 435, na 100, na 3 za Washington DC kwa marekebisho ya 23. Wakishajenga namba hizo wenyewe, 270, idadi ya kushinda, hawaikariri tena. Kisha waulize Maine na Nebraska zimekataa nini ambacho majimbo mengine 48 yamekubali: kumpa mshindi wa jimbo wajumbe wote.

Mchumi Mtaratibu
Nasubiri atakayetetea mradi wa Massachusetts nimkamate. Hatua zake ni sita: ujijue wewe na jamii yako, chagua tatizo, chunguza, panga, tenda, tafakari na uonyeshe. Karatasini ni safi. Darasani, nani anahakikisha mtoto amechagua tatizo mwenyewe na hakusukumwa na siasa za mwalimu? Texas mwaka 2021 iliweka sheria inayozuia shule kutoa alama kwa mwanafunzi kushawishi wabunge au kufanya uanaharakati wa sera. Mnaweza kuicheka, ila wasiwasi wenyewe si wa kubuni. Mzazi anayelipa kodi ana haki ya kuuliza mwanawe ametumwa kwa nani na kwa niaba ya nani. Mtihani hauna chama.

Bi Tausi
Mtihani hauna chama, lakini pia hauna anwani. Mradi unakufa kwa sababu nyingine kabisa, na wala si siasa: mtoto anapeleka shida kwa ofisi isiyohusika. Basi la shule linachelewa, anamwandikia Rais. Anajibiwa barua ya kawaida yenye nembo, mradi umekwisha.

Kwa hiyo kati ya hatua ya tatu na ya nne wekeni swali moja: nani ana kalamu? Basi la shule, ratiba na vitabu ni bodi ya shule, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wananchi. Taa ya barabarani ni mji au kaunti, ila kama barabara ni ya jimbo, ni idara ya jimbo. Sheria ya kuhitimu ni bunge la jimbo. Washington haiwezi kuwapangia mtaala. Fedha yake kwenye shule kwa kawaida ni karibu asilimia 10 tu. Serikali za mitaa Marekani, ukihesabu kaunti, miji, wilaya za shule na wilaya za maji au zimamoto, ni zaidi ya 90,000. Ofisi anayoihitaji mtoto mara nyingi iko humo.

Akishaipata ofisi, mradi wake unaweza kuwa mdogo: asome ajenda ya kikao, aone ni kipengele cha ngapi, ajiandikishe kuzungumza, aandae maneno ya dakika 3 au muda wowote bodi iliyopanga, na ombi liwe moja tu. Usimpe alama kwa kushinda wala kwa upande aliochukua. Mpe kwa kuijua ofisi, kanuni, gharama na hoja ya anayempinga. Hapo wa Texas na wa Massachusetts mnaweza kuketi meza moja.

Wakili wa Kando
Niingize tahadhari ambayo walimu wema huisahau. Mwisho wa somo la uraia shule nyingi hualika watu wa kuandikisha wapiga kura. Fomu zinagawiwa darasa zima, kila mtu anajaza. Swali la kwanza la fomu ya taifa linauliza kama wewe ni raia wa Marekani. Mwanafunzi mwenye kadi ya ukaazi au hadhi ya ukimbizi akitia alama "ndiyo" kwa kufuata wenzake, amedai uraia ambao hana. Kwa sheria ya uhamiaji ya 1996 kosa hilo linaweza kumfungia mlango wa uraia na hata kumfukuzisha nchini. Fomu zisigawiwe kwa darasa zima. Ziwekwe mezani, achukue anayetaka, na mwalimu atangaze sharti kabla, bila kumuuliza mtoto hadhi yake mbele ya wenzake.

Kinyume chake pia hutokea: mtoto ni raia na hajui. Mzazi akipata uraia wakati mtoto yuko chini ya miaka 18, ana kadi ya ukaazi na anaishi Marekani chini ya malezi ya mzazi huyo, mtoto anakuwa raia papo hapo, bila mtihani. Ni sheria ya 2000. Kilichobaki ni ushahidi: pasipoti au cheti cha uraia.

Na wazazi wenyewe: aliyetimiza miaka 50 akiwa na miaka 20 ya ukaazi wa kudumu, au 55 na 15, anasamehewa Kiingereza na anaweza kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Kwa hiyo msitupe yale maswali. Hata kama hayafai kuwa sharti la cheti, mtoto anaweza kumsomesha mama yake jioni.

Mtazamaji
Basi narekebisha hoja. Alama 40 kati ya 57 za serikali peke yake, historia ipimwe kwenye somo la historia. Igizo la Mwl. Kengele litangulie mtihani. Mradi uwe wa hiari.

Bi Tausi
Hilo la hiari sikubali. Litafanywa na shule zenye mwalimu mwenye nafasi, nyingine zitaruka. Wewe nionyeshe, kati ya hayo 57, hata swali moja la bodi ya shule, nami nitaunga mkono mtihani wako ulivyo.

Mtazamaji
Namba 42: taja mamlaka moja ya majimbo. Mojawapo ya majibu ni elimu.

Bi Tausi
Elimu nimeiona. Bodi iko wapi?