"How come?" imewahi kukuponza? Tupeane uzoefu

Wakuu, mwaka wangu wa kwanza mapokezi kwenye hoteli moja Arusha, bosi wetu mgeni alinikuta getini saa mbili na robo asubuhi. "How come you're late?" Mimi nikadaka hiyo "come", nikajua anauliza nimekujaje. Nikajibu kwa adabu zote: "By daladala, sir." Alinitazama kimya. Jioni nikapewa barua ya onyo, kosa: kumjibu mkubwa kwa dharau. Iliniuma sana, maana kwetu mkubwa hajibiwi hovyo.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ni ufupisho wa "how did it come about that", yaani imekuwaje hata. Wala si msemo wa juzi. Shakespeare ana "how comes it", na kamusi ya Bartlett ya Kiingereza cha Marekani, ya mwaka 1848, inayo "how come" yenyewe, ikieleza kuwa Virginia waliitamka harakaharaka "huc-cum".

Leteni na zenu.

#2
Mimi iliniponza kwenye mtihani. Niliandika "How come did you leave?" nikakatwa. Mwalimu akanieleza kuwa hiyo "did" imeshamezwa humo ndani, kinachofuata ni sentensi ya kawaida tu: "How come you left?" Ni kama sisi tunavyosema "Imekuwaje ukaondoka?" Sijakosea tena. Ila kwenye barua ya kikazi andikeni "why", hii ni ya mdomoni.

#3
Niko Minnesota, kazi yangu ni kutunza wazee. Siku moja natandika shuka, bibi mmoja akaniuliza, "How come you never sit with me?" Nikaanza kujitetea: zamu ndefu, wazee 12, mimi peke yangu. Mara nikaona mkono wake unapapasa kiti kilichokuwa kando ya kitanda. Hakuwa anadai sababu. Hiyo ndiyo "mbona" yetu: "Mbona hukai na mimi?" Nikakaa, glavu zikiwa bado mkononi.

#1
Dada #3, hiyo "mbona" imeniingia kuliko "imekuwaje" yangu. Basi yule bosi aliniambia tu "Mbona umechelewa?", na alichokuwa anangoja ni samahani.