Mjadala: Bwana afya aje bila taarifa, tena afunge bwawa la kuogelea papo hapo?

Mdau wa afya: Ukaguzi wa miadi haupimi bwawa, unapima maandalizi. Klorini inamwagwa usiku, asubuhi kipimo kinapendeza, muhuri unagongwa. Njoo Idi Mosi saa tisa alasiri, jua limeshakula klorini na watoto wamejaa kama dagaa. Hapo ndipo pa kupima. Nashauri bwawa lifungwe mara moja klorini huru (ile ambayo bado haijashikana na uchafu) ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, mfuniko wa tundu la kunyonyea chini ukiwa hauonekani kwa ukungu wa maji, au ukiwa umelegea. Huo wa mwisho hauna mjadala: pampu ikimvuta mtoto kwenye tundu lililo wazi, mtu mzima hamng'oi kwa mikono. Kitufe cha kuzimia pampu kiwe karibu na kijulikane.

Msimamizi wa bwawa: Mfuniko sawa. Ila kunifungia bwawa kwa kusoma 0.8 ni kunionea, mkuu. Watu wakijaa klorini inashuka tu. Bwawa la mita 25 kwa 10, kina cha wastani 1.5, ni mita za ujazo 375. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita nahitaji kilo 1.1 hivi ya klorini ya unga ya asilimia 70. Natoa watu, nayeyusha kwenye ndoo (unga unaingia kwenye maji, kamwe si maji juu ya unga), namwaga kuzunguka kingo. Nusu saa, pima tena.

Fundi pampu: Nusu saa? Bwawa lako likizungusha maji yote kwa saa 6, nusu saa imepitisha mita za ujazo 31 tu. Kipimo kichukuliwe mbali na matundu ya kuingizia maji, kama sentimita 45 chini ya uso, pande mbili au tatu. Na mnagombania klorini huku pH, kipimo cha uasidi wa maji, mmeisahau. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo yenye makali, kwenye 8 imebaki robo. Huo unga wenyewe unapandisha pH.

Halafu vipimo. Kile cha matone yanayogeuka njano kinasoma klorini yote, hata iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Tumieni DPD namba 1, kitendanishi kinachosoma klorini huru kwa kugeuza maji waridi. Nayo ina mtego wake: klorini ikizidi mno, rangi ya waridi inafutika, sampuli inabaki nyeupe, mkaguzi anaandika sifuri na kuagiza iongezwe! Ukishuku, punguza sampuli kwa maji yasiyo na klorini, upime upya.

Mdau wa afya: Nakubali muda wa kurekebisha, lakini kwa klorini peke yake. Mtoto akiharisha ndani ya maji, hakuna nusu saa. Bakteria E. koli hufa chini ya dakika moja, ila kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha, huishi zaidi ya siku 7 kwenye miligramu 1 kwa lita. Kuiua ni miligramu 20 kwa karibu saa 13, bwawa likiwa halina watu, na kama maji yana kiimarishi (kinachokinga klorini dhidi ya jua) cha vile vidonge vya klorini, hata hiyo haitoshi.

Msimamizi wa bwawa: Basi na halmashauri imnunulie bwana afya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ambavyo havijaisha muda. Akija kuazima vyangu, amekagua nini?