Nimepigwa tochi mara ya kwanza, malipo hayapiti. Naomba ushauri

Habari za jioni wakuu. Leo asubuhi nimepigwa tochi (ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo), mara ya kwanza tangu nipate leseni. Barabara ya Morogoro, karibu na Chalinze, eneo la mwisho km 50 kwa saa. Nilikuwa na 63. Picha nimeonyeshwa, kosa sibishi. Nimeandikiwa 30,000 na kupewa namba ya malipo.

Shida ni kwamba nimejaribu kulipa kwa simu mara mbili, naambiwa namba haipo. Wakala naye kashindwa. Na gari lenyewe ni la shemeji, keshokutwa analipeleka Dodoma (bado sijamwambia, naona aibu).

Naombeni kujua: namba huchukua muda gani kuingia kwenye mfumo? Na deni linasoma kwenye gari au kwenye leseni yangu?